Kujitolea na Kutolewa

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, iko chini ya taasisi yenye jina la Msamaria Mwema. Mfano huo wa Injili ya Luka umehubiriwa sana, toka Machame hadi Kilema, hata tumezoea kumwita kila muuguzi Msamaria. Nadhani tumekosea mtu. Msamaria alikuwa msafiri: alimkuta majeruhi, akamfunga vidonda, kesho yake akashika njia. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni, na huyo ndiye anayefanana na mtumishi wa hospitali, ambaye kuuguza ni kazi yake ya kila siku, kwa ujira. Msamaria alimwachia dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi ataifidia akirudi. Hakumwambia aibebe kwa ajili ya thawabu.

Katika chumba cha upasuaji wa mifupa gharama hiyo haionekani kwa macho. Dereva wa bodaboda amevunjika paja. Daktari anaunga mfupa huku akitazama picha ya eksirei kwenye skrini, na mionzi inayogonga mwili wa mgonjwa hutawanyika ikawafikia waliosimama kando. Aproni ya risasi hukinga kifua na tumbo. Tezi ya dundumio, iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo, hubaki wazi isipovalishwa kola yake. Je, inadhurika? Ukweli usemwe wote. Baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, maelfu ya waliokuwa watoto waliugua saratani ya tezi hii, hasa kwa kunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Na miongoni mwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, hatari iliwaelemea zaidi waliopigwa na mionzi wakiwa wadogo. Kwa mtu mzima anayepata dozi ndogondogo kazini, ushahidi ni hafifu zaidi. Wala si kila shingo iliyovimba imeletwa na mashine: rovu la watu wa milimani, ambako mvua husomba madini joto ardhini, lina historia ndefu kuliko eksirei yenyewe.

Basi kelele za nini? Ndivyo atakavyouliza mhasibu, na swali lake ni la haki. Lakini shaka nayo ni mzigo, na lazima kuwe na mtu wa kuubeba. Tukisema tungoje hadi madhara yathibitike, tumeamua kwamba uthibitisho utafutwe kwenye shingo ya muuguzi. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Edison katika majaribio ya eksirei, alikufa mwaka 1904 kwa saratani iliyoanzia mikononi, na mnara uliosimamishwa Hamburg mwaka 1936 ulianza na majina 169 ya watu wa mionzi waliokufa kama yeye. Wengi wao waliingia gizani bila kujua. Sisi tunajua, na kujua kunabadilisha jina la jambo. Anayejua hatari isiyoepukika akaikabili kwa hiari amejitolea. Anayepewa hatari ambayo kola ingeizuia, naye hakuulizwa, ametolewa, na sadaka ya namna hiyo haina mwenyewe. Mafakihi wa Kiislamu wangeifikia hukumu hiyohiyo kwa kanuni yao inayokataza kudhuru na kudhuriana.

Watasema tu maskini, dawa kwanza. Sawa, lakini kinga nyingine haina bei: ukiongeza umbali maradufu, mionzi hupungua hadi robo, na mashine ya eksirei ikizimwa, haiachi mionzi nyuma yake kama moshi. Watasema pia Msamaria mwenyewe alisimama kwenye njia ya wanyang'anyi. Kweli, ila alisimama kwa miguu yake, hakumtuma mtumishi. Tume ya Nguvu za Atomu, inayosimamia Sheria Na. 7 ya 2003, hupima dozi za watumishi, na ukomo wa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Ukomo huo si kibaba cha kujaziwa. Kanuni inataka dozi ishushwe kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo askofu au shehe akialikwa kuiombea mashine mpya, kabla ya kufumba macho na aulize kola ziko ngapi, na wanaoingia chumbani ni wangapi.