Matanga ya Mtu Mmoja

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii twaifundisha kila mwaka, wala hatujajiuliza mbona matangani majirani huja bila kuitwa, hali mdaiwa huomboleza peke yake.

Hapa Uganda tunaye mwenzetu, mwalimu, aliyemwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye aliyetangulia kuuchota. Mwalimu akakopa tena nauli. Alinyamaza miaka miwili, akidhani analinda heshima. Ailinde kwa nani? Mkopeshaji alikwisha ijua aibu yote. Waliofichwa ni wale tu ambao wangalimfaa.

Wako wasemao kwamba aliyekopa kwa hiari yake hastahili msaada wa bure. Twawapinga. Sheria ya mwaka 2016 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Fukara asiye na ada ya wakili atajuaje? Shirika la mawakili wanawake, FIDA, lililoanzishwa mwaka 1974, huwahudumia bure wanawake wasio na uwezo. Mwenzetu huyu, mwanamume, alikwenda ofisi nyingine ya msaada wa sheria. Deni halikufutwa, wala halikustahili kufutwa. Ila kadi ilirudi, na malipo yakapangwa upya.

Alipotusimulia hayo, walimu wawili walimfuata faragha kumwuliza ofisi ile iko wapi.