Sare Iliyomponza Anand

Mwaka 1988, kwenye mashindano ya sataranji mjini Biel, Uswisi, Viswanathan Anand wa India alikutana na Alonso Zapata wa Kolombia. Anand alikuwa na miaka 18, na tayari ni bingwa wa dunia wa vijana. Zapata alipocheza hatua yake ya sita, Anand akakubali kushindwa. Hatua sita tu!

Ufunguzi ulikuwa wa Petroff. Farasi wa Anand alisimama katikati ya ubao, na kati yake na mfalme wake hapakuwa na kete ya kuziba njia. Farasi wa Zapata akaja kumtishia. Hapo wachezaji wengi humla huyo farasi mweupe na mambo yakaendelea. Anand akamleta askofu amlinde wake. Zapata akasogeza malkia mraba mmoja, akamweka mbele ya mfalme. Farasi wa Anand akanasa: hawezi kuondoka, maana mfalme wake atabaki wazi mbele ya malkia, na akikaa, askari mweupe atasogea kumla.

Kilichomponza ni kuiga. Mwaka 1987, huko San Francisco, Larry Christiansen alimchezea Tony Miles hatua hiyohiyo ya askofu, wakatoka sare katika hatua ya 20. Mchezo ukachapishwa, Anand akauona, akauamini. Na nani kati yetu asingeuamini? Walioucheza ni magwiji, na matokeo hayakuwa mabaya.

Lakini dalili zilikuwepo. Hatua yenyewe ilikuwa ngeni, magwiji wengine hawakuizoea. Tena anayejifunza Petroff huonywa mapema kabisa kuhusu malkia anayekuja mbele ya mfalme wake, kwani mtego maarufu wa ufunguzi huo ndio huo. Zaidi ya yote, sare ile ilionyesha tu kwamba Miles hakumsogeza malkia. Haikuonyesha kwamba hakuweza.

Ndugu msomaji, siku hizi tunakariri funguzi kutoka kwenye simu, hatua kumi na tano kwa mkupuo. Tusiishie hapo. Panga kete ubaoni, kaa upande wa mpinzani, umtafutie hatua kali kuliko ile iliyochapishwa. Anza na zile zinazomgusa mfalme wako kabla hajapata hifadhi. Katika mchezo ule wa San Francisco, kazi hiyo isingechukua hata dakika tano.