Kahawa na Ulimi

Enyi ndugu zetu, si haki kuilaumu kahawa. Masufi wa Yaman waliinywa wapate kukesha katika ibada. Na huko Makka ikapigwa marufuku mwaka 1511, wakuu wakivihofia vikao vyake. Kinywaji kilikuwa kile kile. Kilichotazamwa ni watu na maneno yao.

Nasi wa Chara tuyatazame yetu. Katika Delta ya Tana, baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, waliuawa watu zaidi ya 100, wengi wao Wapokomo na Waorma. Surat al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu. Basi apokeaye uvumi mkahawani akautembeza bila ya kuuliza, ameshiriki dhambi ya atakayeufanyia kazi. Na asikiaye akanyamaza, je, amesalimika? Jirani anayesemwa aitwe, apewe kikombe, aulizwe. Mwenyezi Mungu atuongoe.