Sinema na Kujuana

Usiku tulipokusanyika baada ya Isha kutazama sinema iitwayo Watu Wote, mzee mmoja wa darsa yetu aliinuka akatoka. Hakutoka kwa hasira. Alisema tu kwamba taswira ni taswira, naye hataki kuulizwa kwa ajili yake mbele ya Mola wake. Twamheshimu, lakini jambo hilo lina majibu ya tangu zamani. Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzihalalisha picha za kamera, kwa hoja kwamba mpigaji haumbi kitu, bali hukizuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa. Hatutalirefusha. Lililotushughulisha sisi ni jingine: je, kivuli hicho chaweza kuwafanya watu wajuane, kama Sura ya Al-Hujurat ilivyotaja kuwa ndiyo sababu ya sisi kufanywa mataifa na makabila?

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 21 Disemba 2015 Al-Shabaab walilivamia basi la Mandera karibu na El Wak, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Ndivyo walivyofanya katika basi la Novemba 2014, wakaua watu 28. Na ndivyo walivyofanya katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, zikapotea roho 148. Mara hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika wenzao mitandio, na abiria wakasema wauawe wote pamoja au waachwe. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Katja Benrath, Mjerumani aliyekuwa akisoma chuoni Hamburg, alikifanya kisa hicho sinema mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikateuliwa kushindania tuzo ya Oscar kule Marekani.

Sinema hii haihutubu. Humketisha mtazamaji ubavuni mwa Jua, mwanamke Mkristo ambaye mumewe na mwanawe waliuawa na magaidi, naye amepanda basi lililojaa Waislamu. Basi sisi tulijiona kwa macho ya anayetuogopa: salamu yetu, kanzu yetu, hata ukarimu wetu, vyote vikawa vitu vya kutiliwa shaka. Khatibu angetwambia mimbarini kwamba watu watuogopa, tungemjibu mara moja kwamba watuonea. Gizani, mbele ya uso wa mwanamke yule, hatukuwa na la kujibu.

Hata hivyo yako yaliyotutia unyonge. Je, ni lazima Msomali apigwe risasi kwa ajili ya mwenziwe ndipo ajulikane kuwa ni mtu? Kujuana kwa namna hiyo ni kwa upande mmoja. Iko filamu nyingine, Scarred, aliyoitoa Judy Kibinge mwaka 2015, juu ya mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, pale wanaume wa Kidegodia walipokusanywa na majeshi ya serikali katika uwanja wa ndege, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadha bila ya maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Wenyeji huhesabu kwa mamia na maelfu. Tulipouliza katika darsa, aliyeijua filamu hiyo alikuwa mmoja tu. Ya shujaa tulikuwa tumeisikia sote.

Na sisi wa pwani tusijitoe. Tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 twalalamika kwamba twadhaniwa ubaya, na malalamiko yetu yana haki. Lakini mmoja wetu alikiri usiku ule kwamba alipokuwa akirudi kutoka Garissa, askari wa kizuizi kimoja waliwaamuru Wasomali peke yao washuke waonyeshe vitambulisho. Yeye na wengine walibaki vitini. Mama mmoja mzee alikawia kushuka kwa maumivu ya magoti, na hapana aliyempa mkono. "Nilishukuru moyoni kwamba si mimi," akasema. Askari si magaidi, na kutakwa kitambulisho si kutishiwa kifo. Twaujua tofauti huo. Ila abiria wa El Wak walikataa kutengwa mbele ya bunduki, na yule ndugu yetu alikubali pasipo kutishwa na mtu.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutaitazama Scarred. Mzee wetu amesema atakuja, ila atakaa barazani asikilize.