Wajukuu Zangu, Msimsubiri Atlas

Wajukuu zangu, naona riwaya ya Colleen Hoover, It Ends with Us, inavyopita mkono kwa mkono kati yenu. Tangu filamu yake itoke mwaka 2024, hata asiyependa kusoma anakijua kisa cha Lily, muuza maua wa Boston. Nimeisoma yote, na mwendelezo wake wa 2022 pia. Nikiwasikiliza mnavyoizungumza, naingiwa na hofu. Kila mmoja anamtaja Atlas, yule mpishi mpole aliyempenda Lily tangu ujanani. Mnafunga kitabu mkiomba Mungu awape Atlas wenu. Mimi nawaomba mrudi nyuma, mpaka jikoni.

Pale jikoni Ryle, mpenzi wa Lily na daktari wa upasuaji wa ubongo, anaungua mkono akitoa chakula kwenye oveni. Lily anacheka. Anasukumwa, anaangukia kabati, anaumia karibu na jicho. Papo hapo mwanamume anaomba radhi na kuapa, na Lily anasamehe kwa sababu anaona majuto yale ni ya kweli. Mmefunzwa kumwogopa mume katili asiye na haya. Mwogopeni pia anayejuta kwa dhati, kisha akarudia. Wakishaoana, Lily anaporomoka ngazini, na akizinduka mumewe anamwambia kwamba alianguka. Ni wangapi mnawajua waliofika hospitali wakasema, "Niliteleza bafuni"?

Ryle ana jeraha la utotoni, na mwandishi hakulificha. Mhurumieni, ni haki yake. Lakini tiba aitafute kwingine. Mkewe si hospitali.

Hoover hakukitunga kisa hiki hewani. Ameeleza kwamba kumbukumbu yake ya kwanza kabisa, akiwa na umri wa miaka miwili na nusu, ni ya baba yake kumrushia mama yake televisheni. Mama huyo aliondoka. Mama wa Lily riwayani yeye alibaki, na mume wake alikuwa meya, mtu wa kuheshimiwa mjini. Angeshitaki kwa nani? Lakini binti yake alipomwendea na siri yake, hakumwambia avumilie. Alimweleza jinsi mpaka wa mtu unavyosogezwa kidogo kidogo, mpaka anasahau ulikuwa wapi.

Halafu yupo Allysa. Huyu ndiye ninayetamani mumwombe kwa Mungu. Allysa ni dada yake Ryle, kwa hiyo ni wifi yake Lily. Nyote mnajua kwetu wifi husimama upande gani kaka yake anaposhitakiwa. Allysa anampenda kaka yake, na anatamani asamehewe. Hata hivyo anamwambia Lily wazi kwamba akimrudia, urafiki wao umekwisha. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Katika vikao vyetu vya ukoo nimesikia "vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo" kutoka kwa watu wazima wenye akili zao, huku binti amekaa mkekani shavu limevimba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Imeandikwa hivyo tangu wazazi wenu hawajazaliwa, na bado tunawarudisha mabinti kwa waume zao na kanga mpya.

Tena angalieni mpangilio wa kisa. Lily anaamua talaka akiwa hospitalini, mara baada ya kumzaa mtoto wao. Atlas alikuwa amempa hifadhi siku alizokimbia, lakini mapenzi yao yanaanza upya baadaye sana. Na hata hapo, katika kitabu cha pili, Ryle bado ni baba wa mtoto, hasira zake bado zinabisha hodi. Kupendwa vizuri kunamfariji Lily, ila kazi ya kuweka mipaka anaifanya mwenyewe.

Kwa hiyo rafiki yako akikujia usiku na mfuko mmoja wa nguo, usianze kumhoji alimkosea nini mumewe. Mpe pa kulala. Asubuhi mpeleke polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla michubuko haijafifia. Wifi yako akiwa ndiye aliyebisha, na aliyempiga ni kaka yako, mpeleke vilevile. Akiwa ameumia vibaya, hospitali kwanza, fomu itafuata.