Samaki Mkubwa Mkononi mwa Mvuvi

Katika ziwa la Mille Lacs, lililoko jimbo la Minnesota nchini Marekani, mvuvi aliyenasa samaki wa aina ya wolai wakati wa kiangazi cha mwaka 2016 hakuwa na ruhusa ya kumpeleka nyumbani. Sheria ilimtaka amtoe ndoana na kumrudisha majini, awe mkubwa awe mdogo, awe mzima awe anakata roho. Hata kama ndoana ilizama kooni na damu ikachuruzika katika matamvua, sheria haikubadilika. Mvuvi wa namna hiyo alimlaza samaki juu ya maji, akamtazama akielea ubavu, akawasha mashine ya mashua akaenda zake, na shakwe wakapata karamu. Mtu huyo alitii wala hakula, na samaki alikufa vile vile. Yapasa kuulizwa kama alitenda wema, au alitii tu.

Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini kila mara mwenye nguvu anapomshika kiumbe mnyonge, akawa na hiari ya kumwua au kumwacha, kuna jambo juu ya tabia yake linalodhihirika hapo ambalo halidhihiriki msikitini, kanisani wala barazani, mahali ambapo watu wanamtazama. Mvuvi aghalabu yu peke yake.

Wolai ni samaki wa maji matamu na ya baridi, mwenye rangi ya dhahabu iliyofifia, miba mgongoni na meno makali. Jina lake la Kiingereza limetokana na jicho lake, ambalo nyuma yake pana utando unaorudisha mwanga kama jicho la paka; basi huwinda magharibi na usiku, wakati mawindo yake hayaoni vema. Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, humwita ogaa. Nyama yake ni nyeupe na haina shombo kali, na Minnesota ilimfanya samaki wake rasmi mwaka 1965. Kwa hiyo si samaki anayevuliwa kwa mchezo tu. Analiwa, na kwa watu wengi utamu wake ndio unaowaamsha alfajiri kwenda ziwani. Ugumu wa jambo lenyewe umo hapo, maana mtu hapati tabu kurudisha kitu asichokitamani.

Majike wa wolai huwa wakubwa kuliko madume. Jike mwenye urefu wa inchi 28 kwa kawaida ameishi zaidi ya miaka 10. Kila mwaka, barafu inapoyeyuka, huenda penye maji haba na changarawe, akataga mayai yake kwa mamia ya maelfu, kisha akayaacha bila mlinzi. Utafiti uliofanywa katika ziwa Erie umeonyesha kuwa wingi wa mayai sio sifa pekee ya jike mkubwa. Uzao wake nao huwa na nguvu zaidi ya kuishi. Mvuvi anayemrudisha jike wa namna hii hufananishwa na mkulima ambaye hali hindi lake bora, bali hulitundika juu ya meko lipate moshi mpaka msimu wa kupanda. Mfano ni mzuri, lakini una kasoro moja: hakuna mkulima anayetoboa mbegu kwa msumari kabla ya kuirudisha shambani.

Kwa miaka mingi sheria ya Minnesota ilimruhusu mvuvi samaki sita, mmoja tu kati yao azidi inchi 20. Sababu nyingine ya kuwaacha wakubwa ni zebaki, ambayo huzidi mwilini mwa samaki kadiri anavyoishi na kula samaki wengine. Ndiyo maana waja wazito na watoto huonywa juu ya kula wolai wakubwa. Tena wapishi wengi hupenda nyama ya samaki wa kadiri kuliko ya mzee. Basi busara, afya na ulimi vyote vimekaa upande mmoja. Hapo ndipo mtu mwaminifu anapopaswa kujichunguza, kwa kuwa anayetoa kitu asichokihitaji, akahesabu kuwa ametoa sadaka, amejidanganya. Zamani samaki mkubwa alikaushwa, akapakwa rangi na kutundikwa ukutani. Siku hizi vipimo na picha vyatosha kwa fundi kutengeneza mfano wake, na hilo ni jambo la kheri. Lakini picha nayo ina bei. Samaki huinuliwa juu, akageuzwa huku na huku mpaka uso wa mvuvi upate mwanga mzuri, na wakati wote huo hapumui. Fahari iliyokuwa ukutani imehamia katika picha, wala haikufa.

Wako wanaolipinga jambo hili tangu shina lake. Wasema kwamba aliyemwua samaki akamla ana udhuru wa njaa, lakini aliyemchoma ndoana, akamchosha kwa mshipi, kisha akamwachia, amemtesa kwa sababu ya furaha yake tu. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, alifundisha katika mwaka 1789 kwamba haki ya mnyama haitegemei akili wala usemi wake, bali uwezo wake wa kuumia. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza walitangaza kuwa wameona katika uso wa samaki aina ya trauti mishipa ya fahamu inayopokea maumivu. Mtaalamu mwingine, James Rose, alikuwa amekwisha kudai mwaka 2002 kwamba samaki hana sehemu ya ubongo iwezayo kuyatambua maumivu kama mtu ayatambuavyo. Ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, asiyejua kama mlango una mtu nyuma yake haupigi kwa shoka.

Sheria ya wanyama ya Ujerumani Magharibi, iliyotungwa mwaka 1972, ilikataza kumtia mnyama maumivu bila sababu ya haki. Chakula ni sababu ya haki. Mchezo, wengi wakaona kuwa sio. Uswisi ilikwenda mbele zaidi, na tangu mwaka 2009 kuvua kwa nia ya kurudisha ni marufuku huko. Hivyo ng'ambo moja ya bahari mwenye kumrudisha samaki ndiye mwungwana, na ng'ambo ya pili huenda akapelekwa mahakamani. Wanavyuoni wa Kiislamu nao, ambao maneno yao yanajulikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki, wamekataza tangu kale kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, ingawa wamehalalisha mawindo kwa kula.

Hoja hii ni nzito, lakini inapita kiasi inapowachanganya watu wawili wasiofanana. Mmoja ametoka nyumbani kutafuta kitoweo. Amenasa jike mkubwa bila kumkusudia, akamwachia upesi, akaendelea kungoja wadogo. Maumivu ya yule jike hayakuwa kusudi lake, na kumwachia kumepunguza hasara. Mwingine ametoka asubuhi ili anase na kurudisha mpaka jua lizame, akihesabu. Tuseme kila samaki kumi wanaorudishwa, mmoja hufa. Anayerudisha thelathini amewaua watatu, na anayechukua wawili akaenda kuwakaanga amewaua wawili. Tena wale watatu hawakumlisha mtu. Hata hivyo yule wa kwanza hurudi nyumbani akijisifu kuwa mikono yake ni safi.

Mambo haya hayakuzuliwa kwa ajili ya hoja. Katika ziwa lile la Mille Lacs, mwaka 2017, uvuvi wa wolai ulifungwa kwa majuma matatu mwezi wa Julai, kwa sababu wale waliokufa baada ya kurudishwa walihesabiwa katika fungu la jimbo, na fungu lilikuwa dogo. Fungu jingine ni la Waojibwe, kwa mkataba wa mwaka 1837, ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha mwaka 1999 kwa kura tano dhidi ya nne. Maji yanapokuwa na joto samaki aliyechoka hapati nguvu tena upesi. Tena kibofu cha hewa cha wolai hakina njia ya kutokea kinywani; akivutwa kutoka kilindini hufura, akashindwa kuzama. Huruma ya mvuvi anayemshika kwa upole kando ya mashua imekuja imechelewa. Ilitakiwa wakati wa kuchagua ndoana, kina na mwezi, na zaidi ya yote ilitakiwa wakati wa kujua kwamba leo imetosha.

Watu wa Red Lake, kaskazini ya jimbo hilo hilo, walionyesha njia ya tatu, ambayo mabishano ya kumchukua au kumrudisha huisahau. Wolai wa ziwa lao walipokaribia kwisha, wavuvi wa kabila hilo waliziweka nyavu zao kando kwa hiari mwaka 1997. Baadaye ziwa lote lilifungwa, vifaranga wakapandwa, na uvuvi haukufunguliwa mpaka mwaka 2006. Kwa watu ambao ziwa ni ghala yao, miaka hiyo ilikuwa mirefu. Hakuna picha iliyopigwa ya samaki ambaye hakuvuliwa.

Katika jimbo jirani la Wisconsin ugomvi ulikuwa mchungu zaidi. Baada ya mahakama kuithibitisha haki ya Waojibwe mwaka 1983, walirudia kwa wazi desturi ya kuchoma ogaa kwa chusa usiku, katika majira ya kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 makundi ya watu yaliwangoja penye gati, yakawatukana na kuwatupia mawe, yakidai kuwa wanaua mama wa samaki. Kelele hiyo ilikuwa na chuki kuliko elimu. Wengi wa samaki wanaochomwa ni madume, kwa kuwa madume hukaa muda mrefu zaidi penye changarawe, na kila samaki huhesabiwa anapofikishwa nchi kavu. Baadhi ya Waojibwe, kwa upande wao, humshangaa mvuvi wa kurudisha. Husema kuwa anachezea chakula.

Hukumu ya haki haiwezi kuwapa ushindi wote, kwa maana jike mkubwa anayechomwa hutoweka pamoja na mayai yake, naye aliyerudishwa katika maji baridi bila jeraha la kooni huenda akataga tena miaka mingi. Lakini chusa ina jambo moja ambalo ndoana haina. Wavu nao unalo kwa sehemu: nchi za Ziwa Viktoria zilipoweka kanuni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 na wa juu ya sentimita 85 wasichukuliwe, uamuzi ulikuwa katika tundu la wavu, kwani sangara hufika mashuani aghalabu amekwisha kufa. Mwenye ndoana hajui amemshika nani mpaka amemuumiza. Mwenye chusa husimama mbele ya mashua na taa kichwani; jicho la ogaa hung'aa chini ya maji, na umbo lake huonekana lote. Baada ya kurusha hana nafasi ya kujuta. Ikiwa atamwacha yule mkubwa mwenye tumbo lililojaa, atamwacha wakati chusa bado iko mkononi, na mashua itapita juu yake bila yeye kuguswa.