Malaika Alikuja na Mkate

Andiko: 1 Wafalme 19:1-8

Juma hili nasema na wale ambao Bwana amewatoa kwenye chang'aa, keg, bangi au tembe, na pia na wale wanaoishi nao nyumba moja. Kuokolewa kutoka kwa pombe kunaweza kuwa kwa siku moja. Kukaa bila pombe ni kazi ya kila siku.

Nianze kwa kuungama. Kuna kijana alikuja hapa mbele mara tatu. Mara tatu tukamwombea, tukakemea, akaanguka sakafuni, tukapiga makofi. Na mara zote tatu wiki haikuisha kabla hajarudi kwa mama pima. Aliporudi mara ya nne, mama mmoja wa ushirika wa nyumbani alimuuliza swali ambalo mimi mchungaji sikuwahi kumuuliza: "Mwanangu, umekula?" Alikuwa hajala tangu juzi. Wapendwa, neno hilo lilinichoma.

Sasa mtazame Eliya. Moto umeshuka Karmeli watu wote wakiona, halafu muda si muda anamkimbia Yezebeli na anaomba afe. Hakuwa ameacha imani. Angalia hali yake: ana njaa, amechoka na safari, hofu na uchungu vimemjaa, tena yuko peke yake, maana mtumishi wake amemwacha Beer-sheba. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Maswali yalingoja mpaka Horebu.

Basi kiu ikikujia, usiseme haraka, "Nimerudi nyuma." Jichunguze kwa hayo manne.

Njaa. Ukitoka mjengo na tumbo tupu, kula kabla hujafika mtaani. Chapati madondo ya kibandani inaweza kukuokoa jioni hiyo. Kiu hupanda halafu hushuka. Mara nyingi nusu saa haiishi kabla haijaanza kulegea. Kula, kunywa maji, ngoja.

Uchovu. Lala. Kama uko wiki za kwanza, usijilazimishe kesha wala kufunga kavu siku tatu. Njoo tuongee kwanza. Mungu aliyemwacha Eliya alale hatakukasirikia.

Hasira na hofu. Kodi imefika, mmekosana nyumbani, umenyimwa kibarua. Toka nje, tembea, mlilie Bwana kama Hana. Usiamue jambo lolote kubwa usiku huo.

Upweke. Weka namba za watu wawili kwenye simu yako, na upige kabla ya kunywa, si baada. Kama njia yako kutoka reli kuingia Laini Saba, au kutoka stendi ya 46 kule Kawangware, inapita penye mlango unaoujua, zunguka. Yusufu alikimbia akaacha vazi. Wewe utaongeza dakika kumi tu. Na Jumamosi ndiyo siku ngumu, kwa sababu ya malipo. Mwambie fundi aitume pesa kwa M-Pesa ya mkeo au mama yako, unga na kodi vitoke kwanza.

Jambo moja nawasihi sana. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiachishwe ghafla akiwa amefungiwa chumbani. Akitetemeka, akiona vitu visivyoonekana au akipata degedege, huo unaweza kuwa mwili unaodai pombe, na unaweza kumuua. Mpelekeni hospitali upesi huku mkiomba. Hospitali ya Mathari inawatibu watu wa hali hii, na namba ya NACADA, 1192, hupigwa bure. Kumwona daktari si kukosa imani.

Na ukianguka? Rudi siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili, usingoje aibu ipungue. Petro alimkana Bwana mara tatu, na Bwana akamkuta ufuoni akamwandalia samaki na mkate. Unaona? Hata hapo chakula kilitangulia, ndipo akaulizwa kama anapenda.

Kanisa, malaika wa Kibera na Kawangware ni nani kama si wewe? Wiki hii kila ushirika wa nyumbani utenge sahani moja ya ziada na mtu mmoja wa kumpigia ndugu yetu simu Jumamosi jioni. Yule kijana sasa ana miezi saba. Bado tunamwombea. Na bado tunamuuliza kama amekula.

Mgeukie jirani yako umuulize: umekula?

Tuombe: Baba, wape nguvu walioacha, wainue walioanguka leo, na utufanye sisi kuwa watu wanaobeba mkate. Katika jina la Yesu. Amina.